Rupia za Mjerumani Katika Mirathi: Je, Alama Ndogo ya Chapa Inaongeza Thamani?

SWALI:

Sisi ni familia ya Ilomba, Mbeya. Baba yetu amefariki, ametuacha na mama, ndugu wawili wa kiume na dada mmoja. Katika vitu vyake tumekuta kopo lenye rupia 40 za fedha za Mjerumani, zote za rupia moja moja. Tumezigawa kwa idadi: mama 5, sisi wanaume 14 kila mmoja, dada 7. Katika fungu la dada imeangukia moja yenye kistari chembamba kinachotoka kwenye pua ya Kaizari hadi ukingoni. Mtu mmoja wa Mwanjelwa ametuambia kistari hicho ni cha chapa adimu na kwamba hiyo moja inazidi zote kwa thamani. Mdogo wangu anaitaka, na yuko tayari kumpa dada rupia 10 za fungu lake kwa hiyo moja. Dada amekubali ila mama ana wasiwasi. Je, kistari hicho kweli kinaongeza thamani? Na mabadilishano hayo yanafaa kisheria?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allaah, na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na Maswahaba zake.

Tunamwombea maghfira marehemu baba yenu. Kabla ya yote, mgao wenu wa idadi ni sahihi ikiwa marehemu hakuacha wazazi wake wala mrithi mwingine, na ikiwa madeni na wasia vimeshatolewa. Mama ana thumuni, na kinachobaki mtoto wa kiume anapata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Katika 40 hiyo ni 5, 14, 14 na 7.

Ama wasiwasi wa mama yenu una msingi, na una msingi mara mbili. Kistari kama mlivyokieleza, kwa kawaida, hakiongezi chochote cha maana. Na hata kama kingeongeza, kubadilisha rupia 10 za fedha kwa rupia 1 ya fedha hakufai, hata pande zote mbili zikiridhia. Tutaeleza yote mawili, kwani watu wengi wa nyanda za juu, kuanzia Iringa hadi Tukuyu, wana sarafu hizi ndani ya masanduku ya wazee wao, na maneno yanayosemwa juu yake ni mengi.

Mlichonacho ni nini

Rupia za Mjerumani ni za aina mbili. Za mwanzo zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia mwaka 1890 hadi 1902. Zina picha ya Kaizari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma upande mmoja, na upande wa pili nembo yenye simba na mti. Kuanzia mwaka 1904 sarafu zikawa za serikali yenyewe ya koloni. Hizi zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani na mwaka, na herufi ndogo: A ikiwa ilipigwa Berlin, J ikiwa ilipigwa Hamburg. Mwaka huo ndipo rupia ilipoacha kuwa na pesa 64 ikawa na Heller 100, na Heller ndiyo iliyotuachia neno letu hela.

Aina zote mbili zina uzito wa gramu 11.66, na kiasi cha fedha ndani yake ni 917 katika 1000. Yaani kila rupia moja nzima ina karibu gramu 10.7 za fedha safi. Huo ni ubora wa juu. Linganisheni na shilingi ya simba ya Mwingereza iliyoanza mwaka 1921: ina gramu 7.78, lakini fedha ndani yake ni robo tu, isiyofika gramu 2. Na zile zilizopigwa kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Tunalitaja hili kwa sababu wengi huzichanganya katika kopo moja na kuziuza kwa bei moja, na anayejua ndiye anayefaidika.

Chapa na alama zake

Sarafu hupigwa baina ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa picha kinyumenyume. Hivyo ndivyo tunavyoviita chapa. Chapa moja hupiga sarafu kwa maelfu na maelfu mpaka ichoke, kisha huwekwa nyingine. Hapo ndipo tofauti huzaliwa: herufi imekaa kushoto kidogo, tarakimu moja nene kuliko mwenzake, taji kubwa au dogo. Na chapa inayopigwa mfululizo hupasuka. Ufa ukishaingia, fedha hujaa ndani ya ule ufa, na sarafu hutoka na kistari kilichoinuka.

Kwa hiyo la kwanza kwenu ni kuangalia kistari chenyewe kwa kioo cha kukuzia, au kukipitishia ukucha taratibu. Kikiwa kimeinuka juu ya uso wa sarafu, ni ufa wa chapa. Kikiwa kimezama, huo ni mkwaruzo tu wa kisu, msumari au sarafu nyingine ndani ya kopo, na mkwaruzo hupunguza thamani wala hauongezi. Mara nyingi hili peke yake hulimaliza jambo.

Tuseme kimeinuka. Bado ufa wa chapa ni jambo la kawaida sana katika sarafu za zama zile. Wakusanyaji wa sarafu wapo, na baadhi yao hupenda kuzifuatilia nyufa hizi ili kujua chapa ipi ilitangulia na ipi ilifuata, lakini wengi wao hawatoi pesa ya ziada kwa ajili yake. Thamani ya alama haitokani na kuwa adimu peke yake. Kila mkwaruzo duniani ni wa pekee. Alama hupata bei pale tu wanapokuwepo watu wanaoitafuta, na hawaitafuti mpaka iwe imeorodheshwa katika vitabu vyao vya sarafu kuwa ni aina inayojitegemea. Kilichoorodheshwa kina soko. Kisichoorodheshwa kina msimuliaji tu.

Mfano mzuri uko hapa hapa nchini. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimeizingira pwani na sarafu hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Wajerumani wakapiga sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli, na kuzitia herufi T. Walipiga Heller 5 na Heller 20, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Kazi ilifanywa kwa haraka na chapa hazikulingana. Katika Heller 20 kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER nazo hutofautiana: nyingine zimechongoka, nyingine zimejikunja. Tofauti hizi zimeorodheshwa vitabuni miaka mingi, kila mchanganyiko kwa herufi zake, na mchanganyiko mmoja huwa adimu kuliko mwingine. Hapo tofauti ndogo ya chapa inaongeza bei kweli. Na tazameni ajabu yake: sarafu yenyewe si ya fedha, ni ya shaba nyekundu au ya manjano, na chuma chake peke yake hakina thamani ya kutajwa.

Mfano wa upande wa pili ni reale ya Maria Theresa, ambayo babu zetu wa pwani, Oman na Yemen waliifanyia biashara kwa zaidi ya karne. Zote zimeandikwa mwaka 1780, ingawa ziliendelea kupigwa mpaka karne ya ishirini Vienna, Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay. Wataalamu huzipambanua kwa manyoya ya mkia wa tai na kwa lulu za bizimu ya malkia. Ni elimu pana, na zipo chache za zamani zinazotafutwa. Lakini nyingi mno kati ya reale hizo, pamoja na tofauti zake zote, huuzwa kwa bei iliyo karibu na fedha iliyomo.

Basi ni nini kinachoipa bei rupia ya kawaida kama zenu? Kwanza ni hali yake: je, nywele, masharubu na maandishi bado yanaonekana, au imelainika kwa kushikwa? Kisha mwaka na herufi ya mji. Za mwaka 1905, 1906, 1911 na 1913 zilipigwa Berlin na Hamburg pia, kwa hiyo A na J si jambo dogo, na mnunuzi anayejua kazi yake ataliuliza kabla ya jambo jingine. Ile ya mwaka 1909 ilipigwa Berlin peke yake na kwa uchache kuliko miaka mingi mingine. Sarafu ya rupia 2, ambayo ilitolewa mwaka 1893 na 1894 tu, ni ya daraja nyingine kabisa. Ufa wa chapa uko mbali chini ya orodha hii.

Na kuna jambo moja tunalisisitiza kuliko la kistari. Msizisugue. Kwetu mtu akipata sarafu ya zamani hukimbilia ndimu, majivu au waya wa kusugulia masufuria ili ing'ae kabla ya kwenda kuiuza. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa huirudisha au huitia bei ya kuyeyushwa. Ule weusi wa miaka mingi ndio anaoutaka. Vivyo hivyo sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni: hiyo imeshatoka katika hesabu ya wakusanyaji na imebaki kuwa kipande cha fedha. Familia nyingi zimepoteza kwa ndimu kuliko zitakavyowahi kupata kwa alama ya chapa.

Hukumu ya kubadilisha kumi kwa moja

Katika Hadiyth ya 'Ubaadah bin Asw-Swaamit (Radhiya Allaahu 'anhu) iliyopokelewa na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametaja vitu sita, na fedha ni mojawapo, kwamba kikibadilishwa kwa jinsi yake lazima kiwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Zikitofautiana jinsi, watu wauze watakavyo madhali ni mkono kwa mkono.

Atauliza mtu: lakini moja ni nzuri na nyingine ni za kawaida, vipi ziwe sawa? Swali hili liliulizwa zamani. Katika Bukhaariy na Muslim imepokelewa kwamba mtu aliyekuwa msimamizi wa Khaybar alileta tende nzuri, akaeleza kuwa wao hubadilisha pishi mbili za tende mchanganyiko kwa pishi moja ya hizo. Mtume alimkataza, na akamwelekeza auze zile mchanganyiko kwa dirham, kisha anunue nzuri kwa dirham hizo. Hakukanusha kwamba tende nzuri ina thamani zaidi. Alichokataza ni njia.

Na kazi ya mkono nayo haikuhesabiwa. Hadiyth hiyo ya 'Ubaadah aliitaja pale chombo cha fedha kilichopatikana vitani kilipotolewa kiuzwe kwa watu wakisubiri malipo yao, akasimama kupinga. Chombo kilikuwa kimefuliwa, kina sura na ufundi, na bado ni fedha. Ndiyo maana Maulamaa wa madhehebu manne wamesema kizuri na kibaya cha jinsi moja ni sawa katika mlango huu, na kinachotazamwa ni uzito. Ibn al-Qayyim ana maoni kwamba mapambo ya halali yanaweza kuuzwa kwa zaidi ya uzito wake kwa ajili ya ufundi. Lakini maneno yake ni juu ya mapambo, na kuyavuta mpaka kwenye sarafu iliyopasukiwa na chapa ni kuyavuta mbali. Kauli ya jumhuri ndiyo tunayoifuata hapa.

Kwa hiyo rupia 10 kwa rupia 1, takriban gramu 116 kwa gramu 11, ni riba ya ziada iliyo wazi. Kuridhiana hakuibadilishi hukumu. Wala haisaidii kusema rupia hizi hazitumiki tena madukani, kwani fedha ni fedha ikiwa sarafu, bangili au kipande. Tena katika mgao, mtu akishakabidhiwa fungu lake, kubadilishana fungu kwa fungu ni mauziano. Angetaka mdogo wenu kumpa dada yake rupia 10 zawadi bila sharti lolote, hilo ni jema na wala hakuna wa kumzuia. Lakini zawadi yenye sharti la kurudishiwa kitu ni mauziano yaliyovishwa nguo nyingine.

Njia ya halali ni nyepesi. Dada amuuzie kaka yake hiyo rupia moja kwa shilingi za Tanzania, kwa bei wanayokubaliana, ikabidhiwe na kulipwa hapo hapo. Noti za leo ni thamani inayojitegemea, si jinsi moja na fedha, kama lilivyoamua Baraza la Fiqh la Kimataifa lililo chini ya OIC katika kikao cha Amman mwaka 1986. Kwa hiyo bei inaweza kuzidi uzito kadiri yoyote. Ila kwa kuwa bado ni kubadilisha thamani kwa thamani, haifai kukopeshana: chukua leo, utanilipa nikivuna. Akilipa kwa simu na pesa ikaingia papo hapo katika akaunti ya dada, hilo limehesabiwa na Maulamaa wa zama hizi kuwa ni kukabidhiana. Akitaka dada kutumia shilingi hizo kununua rupia za kaka yake kwa mauziano mengine yasiyofungamanishwa na haya, hakuna ubaya.

Kabla ya hapo kaka naye aambiwe ukweli kuhusu kistari, ili asitoe fedha yake kwa jambo asilolijua. Tunaona ni wajibu wenu kumsomea jibu hili. Dada asinyamaze kwa kuwa kosa linamnufaisha.

Huyu wa Mwanjelwa

Hatumjui na hatumtuhumu. Huenda naye kasikia tu. Lakini mjue mchezo unaochezwa kwa jina la rupia ya Mjerumani, maana haukuanza leo. Mtu huambiwa sarafu yake ina alama fulani, kwamba kuna tajiri mahali anaitafuta kwa mamilioni, kisha anatakiwa atoe gharama za kuipima, za mtaalamu, za kibali. Pesa hiyo ikishatoka, mtaalamu haonekani tena. Mnunuzi wa kweli hatoi masharti kama hayo. Anapima uzito, anatazama mwaka na herufi, anataja bei, analipa au anaondoka. Na jihadharini na bandia pia: rupia ya fedha haivutwi na sumaku, na iliyo nzima haiwi pungufu sana ya gramu 11.66. Mzani mdogo wa sonara unatosha.

Upande wa pili, yupo anayejua thamani ya sarafu na kumkuta mjane asiyejua. Akinunua bila kusema uongo, mafuqahaa wengi hawabatilishi mauziano kwa kupunjika peke yake. Akidanganya, akasema hii ni bati au haina soko, hapo kaingia katika ghushi na muuzaji ana haki ya kurejesha. Lakini kuna daraja ya juu ya hapo. Amepokea At-Twabaraaniy kwamba Jariyr bin 'Abdillaah (Radhiya Allaahu 'anhu) alinunuliwa farasi kwa dirham 300, naye alipomwona akamwambia muuzaji kwamba farasi wake anazidi hapo, akawa anapandisha bei mwenyewe mpaka ikafika 800. Alipoulizwa alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Wanunuzi wa sarafu wanaopita vijijini kwetu wangepata bahati gani kuisikia habari hii.

Zakaah yake

Niswaab ya fedha ni dirham 200, takriban gramu 595, na katika madhehebu ya Shaafi'iy huhesabiwa fedha safi tu bila ya mchanganyiko. Rupia 40 zina takriban gramu 428 safi, kwa hiyo peke yake hazikufika. Zingehitajika rupia 56. Ikiwa baba alikuwa na fedha nyingine au akiba ya noti, hesabu inabadilika na mtuandikie tena kwa ufafanuzi. Sasa kila mmoja wenu anahesabu fungu lake mwenyewe. Anayeziweka tu hutazama uzito, na alama ya chapa haiingii katika hesabu hiyo. Lakini atakayezinunua kwa nia ya kuziuza, hizo ni bidhaa ya biashara, na kila mwaka atazikadiria kwa bei ya soko. Huyo, ikiwa ana Heller 20 ya Tabora ya mchanganyiko adimu, anahesabu bei ya uadimu wake, si bei ya shaba.

Baadhi ya wasomaji huuliza kuhusu kuweka sarafu zenye sura za wafalme. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Warumi na dirham za Wafursi zilizokuwa na sura, na hili halihitaji kurefushwa hapa.

Kwa upande wenu, anzeni na kioo cha kukuzia na mzani, andikeni mwaka na herufi ya kila rupia kati ya zote 40, na mama awepo. Mkiona zimetofautiana sana kwa hali au kwa mwaka, na mgao wa idadi ukawaachia kinyongo, ziuzeni zote na mgawane shilingi kwa mafungu yale yale.

Na Allaah Anajua zaidi.